Kuni za Ouma

Je, umewahi kumwona kijana aliyekwisha kuota ndevu akizunguka ua wa mnyaa na kuni kichwani, kama mtoto wa darasa la kwanza? Apondi hakuwahi kumwona, ila alikuwa amesimuliwa na nyanya yake, na kila alipokikumbuka kisa hicho alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alicheka hivyo hadi juma lile aliloota uvimbe shavuni.

Apondi alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi Mamboleo, pembeni mwa mji wa Kisumu, na baba yake mdogo aliyeitwa Ouma pamoja na mkewe, Seline. Ouma na Seline walikuwa wameoana miaka minane na hawakuwa na mtoto. Baba yake Apondi, Mzee Opiyo wa kule Kombewa, ndiye aliyemleta kwao ili nyumba isiwe kimya mno.

Kila jioni Apondi alivua sare ya shule, akaitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango, akala nyoyo ya mahindi na maharagwe iliyobaki mchana, kisha akakimbilia bandani. Ouma alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa shule za bweni, yenye rangi ya buluu na maua mekundu kwenye pembe. Kazi ya Apondi ilikuwa kushika ncha ya utepe wa kupimia.

Jumatatu hiyo hakukuwa na kicheko bandani. Mzee Opiyo alikuwa ametuma ujumbe: Jumapili angekuja pamoja na mama yao, na wangezungumza kuhusu kumtafutia Ouma mke wa pili. Kama Seline hakupenda, basi angerudi kwao Bondo.

Seline aliusikia ujumbe huo akiwa jikoni. Aliendelea kukata sukuma wiki, akaikata nyembamba, nyembamba, mpaka ikawa kama nyuzi.

Isidhaniwe kwamba Seline alikuwa amekaa tu. Alikuwa amekunywa dawa chungu za mizizi zilizomtapisha. Alikuwa amekwenda hospitalini mara tatu, na mara zote daktari alimwambia jambo lile lile: "Mama, wewe hatukuoni na ugonjwa. Njoo na mume wako." Lakini Ouma alipoambiwa hivyo alicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Mimi napiga nyundo kutwa nzima na sichoki. Nipimwe nini?"

Jumanne asubuhi Apondi aliamka shavu limevimba na koo linamuuma. Jirani alichungulia juu ya ua akapiga kelele, "Hayo ni matubwitubwi! Mpe kuni kichwani azunguke ojuok, azitupe hapo, akimbie nyumbani bila kutazama nyuma! Jioni utaona!"

Ojuok ndio huo mnyaa, mmea wa utomvu mweupe ambao watu wengi huko huupanda uwe ua.

"Kuni zangu nitapikia uji," Seline alimjibu. "Mtoto anaenda kliniki."

Kliniki kulikuwa na muuguzi aliyeitwa Sista Nelima, mama mnene wa kutoka Bungoma, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Fungua mdomo. Lo! Umeficha andazi humo?" Alimgusa Apondi taya taratibu. "Ni matubwitubwi kweli. Shule hakuna mpaka uvimbe upungue. Unywe maji na uji, na kikombe chako kiwe chako peke yako." Kisha akamgeukia Seline. "Mama, nyumbani kuna mwanamume ambaye hajawahi kuugua ugonjwa huu?"

"Sijui, Sista. Kwa nini?"

"Kwa sababu mtoto mdogo huugua akapona. Lakini mvulana aliyekwisha kubalehe, au mwanamume mzima, wakati mwingine ugonjwa humshuka hadi kwenye korodani, pale mbegu za uzazi zinapotengenezwa. Zikivimba, mbegu zinaweza kupungua. Si wote, lakini wengine baadaye hupata shida ya kupata mtoto."

"Baba Mdogo aliugua," Apondi alisema kupitia upande mmoja wa mdomo. "Alikuwa na ndevu tayari."

Sista Nelima aliweka kalamu chini. Apondi akasimulia kile kisa chake cha kuchekesha: Ouma alikuwa na miaka kumi na saba, akafungiwa kuni kichwani, akazunguka ojuok mara nne huku watoto wote wa kijiji wakimfuata na kumzomea. Kisha akaingia nyumbani akalala majuma mawili, akitembea miguu ameitanua, akisema ni mgongo, na hakukubali mtu yeyote amwangalie.

Alipofika hapo Apondi aligundua kwamba hakuna anayecheka. Seline akamweleza Sista kwa kifupi juu ya miaka minane bila mtoto, na ujumbe wa Mzee Opiyo.

"Bila kupimwa hatuwezi kusema," Sista Nelima alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini apimwe. Ugonjwa si kosa lake. Kosa ni wewe kubebeshwa lawama peke yako."

Njiani Seline alimshika Apondi mkono. "Haya ni maneno ya watu wazima. Nitamwambia mwenyewe."

Jumanne usiku alifungua kinywa mezani, akamtazama mumewe, akasema, "Nikuongezee chai?" Jumatano alifungua kinywa tena. "Nikuongezee chai?" Alijua watu wangesema ametafuta njia ya kumtupia mume aibu yake.

Alhamisi uvimbe ulikuwa umepungua kidogo. Apondi aliketi kwenye mlango wa banda, leso imefungwa kuzunguka taya. Mzazi mmoja alikuwa amerudisha sanduku ambalo kifuniko chake hakikufunga. Mafundi wengine wangekipiga kifuniko nyundo pale pale. Ouma hakufanya hivyo. Alipima kifuniko, kisha akapima sanduku.

"Kwa nini usikipige tu kifuniko, Baba Mdogo?"

"Na kama kosa liko kwenye sanduku? Nitakuwa nimekiharibu kifuniko cha watu bure. Pima vyote viwili ndio useme."

Apondi alijua anaweza kupigwa, au kurudishwa Kombewa. Lakini pia alijua kwamba Jumapili ingefika.

"Mama Mdogo amepimwa mara tatu," alisema.

Utepe ulijirudisha wenyewe ndani ya kasha lake. Ouma hakuinua macho.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Sista alituambia kuhusu matubwitubwi ya watu wakubwa. Na mimi najua habari za kuni. Dani alinisimulia." Dani ni nyanya kwa Kijaluo.

Ouma alikaa juu ya lile sanduku bovu, likalia chini yake. Akafuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Seline anajua?"

"Tangu Jumanne. Anashindwa kukuambia. Ndiyo maana unaongezewa chai sana."

Ouma akacheka kidogo, kicheko kilichokatika katikati. Kesho yake hakufungua banda. Alivaa shati lake la kanisani, naye Seline akavaa gauni la kijani, wakaenda mjini hospitalini wawili pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka minane.

Jumapili Mzee Opiyo alifika na Dani na kuku mmoja. Baada ya chakula alisafisha koo. "Tumekuja kwa lile neno la mke wa pili."

"Kaka, ngoja," Ouma alisema akisimama. "Nimepimwa. Mbegu zangu ni chache na ni dhaifu. Daktari anasema huenda ni yale matubwitubwi ya ujana wangu. Mke wa pili angekuja kulia hapa kama huyu. Si Seline. Ni mimi, na tangu zamani nilikuwa na shaka, nikaogopa kujua."

"Maneno haya hayasemwi mbele ya mtoto!" Opiyo alifoka.

"Huyo mtoto ndiye aliyenipa ujasiri," Ouma alijibu. Akaeleza kwamba njia haikufungwa kabisa. Kuna madaktari Nairobi wanaoweza kuchukua mbegu za mume, kuchagua zilizo na nguvu, na kuziweka ndani ya tumbo la uzazi la mke kwa mpira mwembamba, siku inayofaa. Hufaulu kwa wengine, kwa wengine hapana. Wangeanza kwa Ouma kuacha sigara, maana nazo hudhoofisha mbegu, kisha wangeona.

Dani aliweka mikono magotini. Akasema polepole.

"Kuni zile nilimfunga mimi kwa mikono hii. Nilidhani namponya. Na watoto walipomcheka, mimi pia nilicheka, ndipo akaona afadhali afiche maumivu yake. Apondi, mjukuu wangu, nisikilize vizuri. Ukiugua, sema. Mwenzako akiugua, usimcheke, maana atajificha na ugonjwa wake. Na usimtwike mtu lawama ya jambo ambalo halijapimwa. Mimi nimeyajua haya nikiwa mzee. Wewe yajue leo."

"Nimesikia, Dani," Apondi alisema, na kile kisa cha kuni hakukisimulia tena kwa kicheko.

Mzee Opiyo alikuna kichwa, akatazama chini. "Shemeji," alisema mwishowe, "tumekukosea."

Seline alikuwa amesimama karibu na mlango na birika mkononi, mahali aliposimama siku zote watu walipozungumza habari zake. Dani alisogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyobaki kando yake.

"Weka birika chini, binti wa Bondo. Njoo ukae. Miaka minane tumekuambia la kufanya. Hakuna hata siku moja tuliyokuuliza. Wewe unataka nini?"

Seline alikaa. Alimtazama Ouma, kisha akawatazama wote, mmoja mmoja.

"Nataka kukaa na mume wangu," alisema. "Mtoto akija, nitampokea kwa mikono miwili. Asipokuja, bado nataka kukaa hapa."