Engo ya Ndani ya Jeneza

Jirani yetu Nzioka, yule wa Noonkopir, alikuwa na ugonjwa mmoja: engo, yaani pembe ya kupigia picha. Ukimwita apige video ya hoteli yako, simu ataificha ndani ya friji. Ikiwa ni gari, ataisukuma chini ya kiti. Mahali mkono haupiti, hapo ndipo roho yake ilipo. Watu wa Kitengela walimpenda, na kazi hakukosa.

Asubuhi moja alikuwa kwa Masila, fundi wa majeneza, kutengeneza tangazo. Alitaka watu waone vile marehemu angeona: giza, kisha mfuniko ufunguke, nyuso ziiname. Simu ikakataa kusimama. Mke wa Nzioka, Makena, aliyekuja naye, mwanamke wa kucheka kila kitu, akavua viatu, akaingia mwenyewe, akalala na simu kifuani.

Masila alikuwa na desturi yake. Jeneza ambalo halijapata mwenyewe halifungwi kabisa. Kipande cha mbao huwekwa kwenye ukingo kuzuia mfuniko. "Hiyo mbao usitoe," alimwambia Nzioka, kisha akaenda kunywa chai.

Lakini mwangaza ulikuwa unapenya. Nzioka akaitoa mbao, akafunga. Hata dakika haikuisha. Alipofungua, Makena alikuwa anacheka, na engo ilikuwa imetoka kali ajabu.

Kesho yake Makena aliamka akisema hewa ni kidogo. Nzioka akafungua madirisha. Akafungua mlango. Upepo ukajaa chumbani mpaka mapazia yakapepea. Makena akazidi kuhema.

"Nifungulie," akanong'ona.

"Makena, kila kitu kiko wazi."

"Nifungulie, Nzioka."

Kliniki walimpima, wakamwekea oksijeni, wakasema mapafu ni safi. Jamani, mapafu safi na mtu anakufa! Nzioka akampigia Masila, akamwambia ukweli wote. Fundi akauliza:

"Ulilifunga na mtu ndani? Basi yeye ndiye mwenyewe."

"Tulivunje basi!"

"Lilienda Kimana alfajiri. Wanazika saa hii."

Akampa namba ya Katoo, mtoto wa marehemu. Simu ilishikwa katikati ya wimbo wa mazishi. Nzioka akaomba, akalia, akapiga magoti kwenye sakafu ya kliniki kama vile Katoo anamwona. Wafungue tu kidogo. Tafadhali.

"Unataka nimfungue mama yangu mbele ya watu?" Katoo akauliza. Hata hakukasirika. Akarudisha simu mfukoni bila kuikata.

Nzioka akasikia sepetu. Udongo ukaanguka juu ya mbao. Kitandani, Makena akashtuka. Udongo tena. Akashtuka tena. Nzioka akamlalia kifuani amkinge. Amkinge na nini? Hakukuwa na kitu. Ilikuwa hewa tupu. Alimpenda huyu mwanamke, na hakuweza. Hakuweza chochote. Sepetu zikaendelea. Makena akatulia.

Jioni, Nzioka akiwa ameketi nje ya mochari, Katoo alipiga. Alikuwa ananong'ona.

"Ndugu, watu wameenda. Tumeshamwaga simiti. Nzioka ni nani?"

"Ni mimi."

"Kuna mwanamke huku chini anaita hilo jina. Si sauti ya mama."

Katoo akailaza simu juu ya kaburi, akasonga kando. Nzioka akasikiliza mpaka chaji ikaisha.