Milango ya Jiko Lingine

Mlango wa tatu nao ukakataa.

"Sukuma kidogo, wifi," alisema Nukta, shavu kaliegemeza kwenye fremu ya kabati.

"Nimesukuma mpaka kucha zinauma. Hauingii."

"Basi huu ni wa chini."

"Wa chini tulishajaribu. Nao umezidi."

Nukta akashuka kwenye stuli, akaitazama milango mipya iliyoegemezwa ukutani. Ilikuwa mizuri, rangi ya maziwa, ile ile aliyoichagua mwenyewe. Lakini kila mmoja ulizidi kabati kiganja kizima, kama shati la baba kavishwa mtoto.

Waliomwita Nukta walimwita kwa ajili ya ufupi wake, naye hakuwahi kukasirika. Mumewe alikuwa fundi seremala. Majiko ya watu yalipita mikononi mwake yakatoka yanang'aa, la nyumbani kwake likabaki na milango iliyovimba maji. Mke wa fundi ndiye wa mwisho kufungiwa mlango. Kwa hiyo Jumamosi ile mumewe alipoingia na futi mkononi na penseli sikioni akasema, "Leo napima la mke wangu," Nukta alijiona kama anachumbiwa upya. Akamshikia ncha ya futi. Mume akapima uwazi wa kabati, si mlango wa zamani, maana mlango wa zamani umeshapinda, utakudanganya. Halafu akamwambia:

"Nyoosha mkono, kipenzi. Usijinyanyue. Vidole vinapofika, hapo ndipo nitaweka kishikio."

Miaka mingi alikuwa hajamwita kipenzi.

Sasa Nukta akasimama chini, miguu miwili sakafuni, akamwambia wifi yake anyanyue mlango mmoja wa juu mpaka mahali pake. Akanyoosha mkono. Kishikio kilikuwa huko juu, hata ncha za vidole hazikukigusa.

"Wifi."

"Abee."

"Mwanamke wa milango hii ni mrefu."

Wifi, dada mdogo wa Fundi, akaushusha mlango, akainama kuokota skrubu ambayo haikuanguka. "Labda kaka amekosea vipimo."

"Kaka yako anaweza kukosea jina la mama yake. Vipimo hakosei."

Nukta akapiga simu.

"Mume wangu, milango imefika."

"Imefika wapi?"

"Swali gani hilo? Jikoni kwetu. Dereva wa pikapu kaishusha sasa hivi. Ila haikai."

Huko upande wa pili nyundo ikasita kugonga.

"Fundi?"

"Usiifunge. Dereva amechanganya mizigo. Hiyo ni ya mteja."

"Mteja gani mwenye rangi yangu?"

"Mama mmoja mtu mzima. Nilimwonyesha, akaipenda. Nakuja kuichukua, nakuletea na yako."

"Nimpigie basi nimtake radhi, yangu si itakuwa imeshushwa kwake?"

"Nukta, niko juu ya ngazi." Akakata.

Wifi alikuwa ameshakimbilia sinki, anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Simu yake ikalia juu ya meza, ujumbe umeingia.

"Wifi, simu yako."

"Nisomee tu, mikono ina povu."

Mazoea yana taabu. Miaka yote walisomeana simu hivyo, hakuna wa kumficha mwenzake. Neno lilipomtoka ndipo wifi akakumbuka, akageuka na povu lake. Nukta alikwisha anza kusoma kwa sauti, polepole, kama asomavyo siku zote:

"Wifi yangu, milango imeletwa mifupi kama ya nyumba ya mwanasesere. Kaka yako kapima jiko la nani? Na wewe mwenyewe ndiye uliyemshikia futi hapa kwangu. Mwambie afanye hima, nataka siku anayohamia jiko liwe tayari."

Akaiweka simu mezani kifudifudi.

"Anakuita wifi."

Wifi akageukia sinki. Povu lilikuwa linamdondoka viwikoni.

"Nakuuliza wewe. Tumeongezeka lini, na mimi sikuambiwa nipike?"

"Kaka alinikataza, wifi. Ni damu yangu, ningefanyaje?"

"Unamjua tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na umeshakula kwake."

"Mara chache."

"Mrefu?"

"Mrefu."

Nukta akavuta kiti akakaa, miguu haikugusa chini vizuri. Machozi yalikuja mpaka kopeni yakasimama. Kuna kitu bado kilikuwa hakijamwingia akilini.

"Kama anahama, mbona kanipimia na mimi? Jumamosi nzima kanishikisha futi, ananiita kipenzi. Ya nini?"

"Wifi, hili niache."

"Sema."

"Alisema akikuachia jiko zuri hutalia sana."

Hapo kisu kikagusa mfupa. Siku nne nzima Nukta alitembea na furaha ya Jumamosi ile kama mtu aliyebeba yai. Kumbe alivishwa kilemba cha ukoka, na anayefahamu alikuwa akinywa naye chai kila asubuhi.

"Ulipofukuzwa na mumeo," akasema, "ulikuja hapa na mwanao mgongoni. Ulilala wapi?"

"Chumbani kwako."

"Na mimi?"

"Sebuleni."

"Nikakushikia mtoto ukatafute kazi. Wewe ukaenda kunishikia futi."

Wifi akalia. Nukta hakumzuia wala hakumbembeleza. Akafunika chakula cha mchana kwa sahani, maana njaa haingoji ugomvi.

Pikapu ikapiga honi nje. Fundi akaingia kwanza, jasho limemlowa, na nyuma yake mwanamke aliyelazimika kuinama kidogo mlangoni.

"Nilimwambia asishuke garini," Fundi akasema, hajulikani anamwambia nani.

"Hodi," akasema yule mrefu. "Nimekuja kuangalia milango yangu isikwaruzwe. Wewe ndiye yule mwenzake aliyeachana naye?"

"Karibu. Tumeachana lini, mama? Niambie, maana mimi sikualikwa."

Macho yalimtoka pima yule mwanamke. Akamtazama Fundi. Akatazama shati lake la kazi lililotundikwa nyuma ya kiti, limepigwa pasi.

"Hicho chakula cha nani?"

"Cha huyo," Nukta akasema. "Hula saa saba. Usipomfunikia ananuna kama paka. Nakuambia ili ujue."

"Si uliniambia unalala karakana?"

"Tulizungumze nyumbani," Fundi akasema.

"Nyumbani kwa nani?" wakamjibu wanawake wote wawili, sauti moja. Siku nyingine wangecheka.

Yule mrefu akanyoosha kiganja. "Funguo yangu."

"Mpenzi, subiri kwanza."

"Funguo. Na milango hiyo mwambie dereva aipeleke. Kuifunga nitatafuta fundi mwingine, hawajaisha." Akamgeukia wifi. "Wewe, futa namba yangu." Kisha kwa Nukta, akashusha sauti: "Dada, Mungu anaona, nilidanganywa."

"Tumedanganywa," Nukta akasema. "Nenda salama."

Akaenda kwa miguu, pikapu hakuitaka tena. Dereva akapakia ile mirefu, akashusha mifupi, akaondoka bila kungoja shukrani.

"Mke wangu," Fundi akaanza.

"Funga milango yangu."

"Tuzungumze kwanza."

"Funga kwanza. Kwani mimi nimekataa milango? Nimekataa mume."

Akafunga. Angefanyaje? Alipiga magoti kwenye bawaba moja baada ya nyingine, bisibisi ikizunguka. Kila mlango ulikaa mahali pake sawasawa, maana mikono yake haikuwa na uongo. Uongo ulikuwa kwingine. Nukta alipita nyuma yake akiufungua na kuufunga kila mmoja, na alipomaliza akaleta begi la nguo lililokwisha fungwa zipu, akaliweka kando ya sanduku la zana.

"Wifi, nisamehe," dada yake Fundi akasema kutoka pembeni.

"Huyu nitamsahau mapema kuliko wewe. Yeye nilimpata kwa posa. Wewe nilikuchagua mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Mtoto akirudi shule ale, ndipo mtafute pa kwenda."

Akainjika birika. Chai ilipochemka akafungua kabati la juu, akatoa kikombe kimoja, akajimiminia, akakaa.

Fundi bado alikuwa sakafuni, bisibisi mkononi. Akatazama begi, akatazama birika.

"Hata mimi nimiminie kidogo, koo limekauka."

Nukta akapuliza chai yake mpaka mvuke ukapungua, akanywa funda la kwanza.

"Mwenye majiko mawili," akasema, "haombi chai kwa jirani."