Namba ya Bushiri

Ndugu zangu wa Mbwara na mlio jirani, mwaka ule mpunga uliiva vizuri. Kina mama wa kikundi cha Warda walikuwa karibu kununua mashine ya kukoboa. Fedha zao zilikaa benki Kibiti, na akaunti waliiunga kwenye simu ya Bushiri, mume wa mhazini wao Sijaona, maana ndiye aliyekuwa na simu kubwa. Namba ya siri aliijua Sijaona.

Mafuriko yakamchukua Bushiri na simu mfukoni. Mwili haukuonekana.

"Wifi," akasema Warda, dada wa marehemu, "niende benki nikaiondoe namba ile."

"Ukiiondoa umemzika kaka yako. Ngoja eda iishe."

Warda akaiahirisha safari. Nani abishane na mjane?

Sijaona akawa anamwandikia mumewe kwa kitochi chake, kisimu kidogo cha vitufe. Leo mbuzi kazaa. Leo mashine imekaribia. Meseji haziendi, naye anaandika. Msimcheke, aliyefiwa hachekwi. Siku moja zikaanza kwenda. Akafurahi, asimwambie mtu.

Adhuhuri moja, jua kali, hata kuku kimya, kitochi kikalia. Jina: Bushiri.

Akapokea. Akasikia kama maji, kisha sauti ya mbali, yenye kikohozi.

"Mke wangu. Yule mbuzi hajambo?"

Nani mwingine angejua habari za mbuzi?

"Uko wapi, baba?"

"Pabaya. Nitajie namba yetu ya siri, nipate kutoka."

Akaitaja, machozi yakimtiririka. Sauti ikacheka kidogo. Bushiri hakuwa akicheka vile. Simu ikakatika.

Sijaona akamkimbilia Warda kumweleza. Warda alipofika Kibiti, akaunti ilikuwa tupu. Elieth wa benki akamwambia, "Kuna mtu kaifufua laini ya marehemu, dada. Tangu hapo meseji zote zinamfikia yeye, zenu na zetu."

Jioni Sijaona akauliza, "Kwa hiyo siye?"

"Siye, wifi."

Ndipo alipoanza kumlilia mumewe. Nje, kina mama wakatwanga mpunga kwa mchi, na hakuna aliyeimba.

FUNZO

Jamani, mtu akifa au simu ikipotea, toeni taarifa benki na kwa kampuni ya simu siku hiyohiyo. Mjane akae eda yake. Viongozi wengine waende. Fedha ya wengi isifungwe kwenye simu ya mmoja. Na namba ya siri haitajwi, hata kwa sauti uipendayo. Maiti hana haja na fedha. Anayeziomba yu hai.