Koo la Muosha Maiti

Harufu ndiyo iliyotangulia. Zuleha alikuwa amelazwa peke yake katika chumba cha hospitali, shuka jeupe hadi kidevuni, mlango umefungwa, akanusa karafuu maiti. Harufu hiyo hakuwa wa kuikosea. Wanawake wa Sombetini wakifa, yeye ndiye aliyekuwa akiwaosha, tangu mwanawe Najim hajaota meno.

Mpiga picha wa hospitali, kijana wa Kimeru aitwaye Bariki, alikuwa amemchoma sindano ya sukari iliyotiwa mionzi.

"Saratani ina uroho wa sukari, mama," alimwambia. "Itaikimbilia, na mashine itaona ilikojificha. Ila kaa kimya saa nzima. Misuli ya koo ikifanya kazi, nayo itainyonya, picha itachafuka."

Zuleha kukaa kimya saa nzima! Wanaomjua wangecheka mpaka wakae chini. Lakini uvimbe wa shingoni ulishaanza kumnyima tonge, na daktari alikuwa amesema wazi: kama umefika kwenye sauti, watakata na sauti. Basi akaubana mdomo. Akasikia maji yakimwagwa kwa kopo, yakatulia, yakamwagwa tena, taratibu, kama anavyomwagiwa mtu asiyeweza tena kulalamika kwamba ni ya baridi.

Picha ilipotoka, koo lote lilikuwa linawaka kama jiko la mkaa lililopepewa.

"Mama, si nilikuomba?"

"Wallahi sijafungua mdomo, mwanangu."

Bariki alijikuna kichwa. "Aliyeimba kwaya saa nzima ndiye hutoka hivi. Daktari hawezi kujua saratani inaishia wapi na maneno yanaanzia wapi. Tutarudia."

Nyumbani, Najim alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Mama, usiku unaongea."

"Naongea nini?"

"Unaosha mtu." Hakuinua macho. "Unamwaga maji, halafu unasema alichokuwa nacho mwilini."

"Mama yake Zakia?"

"Yeye. Na wengine, mama. Wengi."

Aibu ilimshika Zuleha mpaka masikioni. Muosha hufunga kinywa. Aliyoyaona kwa maiti huzikwa nayo. Yeye, mwaka uliopita, jikoni kwenye shughuli ya watu, mchele ukichambuliwa na masikio yakiwa wazi, alisema marehemu mama yake Zakia alikuwa na chale mgongoni. Walivyosogea wale wanawake! Akaongeza chumvi: chale za kichawi. Haukupita muda watu wa mchumba wake Zakia wakavunja posa, harusi ikafa.

Akaitwa Sheikh Sefu kumsomea. Mchana kweupe, jua likiwaka juu ya mabati, shehe hajafika katikati ya kisomo, chumba kikajaa karafuu maiti, na huku midomo ya Zuleha ikiwa imebanwa, na Najim akiishika mikono yake, na majirani wamejazana dirishani kama kawaida yao, sauti ikatoka kooni mwake, laini, yenye adabu, sauti ya mtu anayeombwa kitambulisho kwake mwenyewe.

"Sikuvunja mlango. Hapa kooni palikuwa na amana, mwenyewe akaitoa. Nyumba ikiwa tupu haikosi mpangaji."

Shehe alifunga msahafu polepole. "Nenda kwa Zakia," alinong'ona. "Mimi siwezi kumtoa aliyekaribishwa."

Zakia alikuwa Engutoto, anafua. Alimwona Zuleha, hakumpa shikamoo.

"Zakia mwanangu. Zile hazikuwa chale. Yalikuwa makovu ya kupigwa kwa mkanda wa jeshi. Nilijua hata siku ile."

"Mimi ndiye niliyempaka dawa," alisema Zakia, akikamua shuka. "Niliwaambia watu. Wakaniambia, muosha ndiye anayejua."

"Niwie radhi."

"Hapa, tuko wawili na beseni? Ulikosemea ndiko ukakanushe."

Akaenda. Kwenye shughuli nyingine, jikoni kulekule, wanawake walewale na sinia zao za mchele, alisimama akasema neno kwa neno: hazikuwa chale, niliongopa, nilitaka mnisikilize. Hakuna aliyemtukana, ingekuwa nafuu. Mmoja tu alisogeza sinia lake, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mama yangu ulimsemea wapi?" Zuleha akainamisha kichwa, akatoka.

Usiku ule Najim hakusikia kitu. Siku ya picha ya pili Zuleha alilala chini ya shuka jeupe na koo lake likatulia kama kisima, na yale maji yalipoanza kumwagwa alifumba macho, akajiambia ni bomba la chumba cha jirani.

Bariki alikuja anatabasamu. "Koo safi, mama. Uvimbe uko peke yake pembeni, haujagusa sauti. Watautoa, utaendelea kusema."

Zuleha alilia kwa furaha na haya pamoja.

"Ila mikono," Bariki akasema, tabasamu likimpungukia. Akageuza kioo cha kompyuta amwonyeshe. Kuanzia mabegani hadi kwenye viganja, misuli yote ilikuwa inawaka. "Mtu hutoka hivi akiwa amefanya kazi nzito. Ulikuwa unafua nini humu ndani?"

Zuleha akaitoa mikono chini ya shuka. Shuka lilikuwa kavu. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji, na vinanuka karafuu maiti.