Kisu cha Akika

Keshokutwa yake ilikuwa akika ya mwanangu wa kwanza, na jioni hiyo nilitoka nyumbani Isevya kwenda stendi kupokea kisu nilichokinunua mtandaoni.

Chekeni tu. Visu Tabora vimejaa, najua. Lakini hamkuwapo Iddi iliyopita, nilipomchinjia jirani mbuzi kwa kisu cha dukani, kile cha mpini wa plastiki, na mbuzi akainuka. Akatembea. Watoto walipiga mayowe, watu wazima wakatazama pembeni, na mzee mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Angekuwapo marehemu Mfaume..." Hakumalizia. Mfaume ni baba yangu. Miaka yote mtaa mzima ulimwita yeye kuchinja, na hakuna mnyama aliyeteseka mkononi mwake. Visu vyake vilikwisha kwa kunolewa, na mimi mwanawe nikabaki na aibu.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kupekua simu. Wauza visu mtandaoni ni wengi, na waongo hawahesabiki. Kisu kimoja unakiona kwa watu watatu, kila mmoja anaapa kakifua mwenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo waliojitembeza niliwapita. Nikatua kwa kijana mmoja wa Usinge aitwaye Wilbroad, mtu asiye na maneno mengi. Alinitumia video akikata karatasi hewani. Chuma cha springi ya gari, kimefuliwa kwa nyundo. Mkia wa chuma umepita ndani ya mpini mpaka mwisho, si wa kugandishwa kwa gundi. Mpini wa mninga, mwekundu. Ala ya ngozi, imeshonwa kwa mkono. Nikaagiza siku hiyo hiyo.

Ofisi ya basi niliikuta imefungwa. Kwenye benchi la nje alikaa mzee mmoja peke yake, koti lake limetoboka toboka kwa cheche. Alinuka mkaa. Mkaa, na kile kiharufu cha chuma cha moto kilichotumbukizwa majini...

"Mwadila, baba," alinisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwadila. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata kisu."

Hakuuliza. Alisema. Akatoa ndani ya koti kitu kilichofungwa kwa gunia, akanipa. Vidole vyake viligusa vyangu, vilikuwa vya moto. Nikadhani ana homa.

"Ni cha akika?"

"Ndiyo, mzee. Tumepata mtoto wa kiume."

"Ameshapewa jina?"

"Bado. Keshokutwa, Mungu akipenda."

Alicheka kidogo, kooni tu.

"Bado," alinong'ona. "Vizuri..."

Nilimshukuru nikaondoka. Nilimwona mtu wa basi tu, aliyeachiwa mizigo ya watu. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha mama.

Mama yangu, Bi Zamda, ndiye aliyefungua gunia. Mpini haukuwa mwekundu. Ulikuwa mweusi, umelainika kama uliowahi kushikwa maisha mazima.

"Si ulisema mninga?" aliuliza Yasmini, mke wangu, kutoka kitandani.

"Ndiyo mambo ya mtandao hayo," nikajibu. "Unaagiza hiki, kinakuja kile."

Lakini kisu kilikuwa kizuri kuliko cha kwenye picha. Mama alikigeuza kwenye taa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba. Kisha akafanya linalofanywa na kila bibi wa mji huu. Mtoto ambaye hajapewa jina halazwi hivi hivi. Huwekewa chuma chini ya kichwa, jicho baya lisimpate. Mama akainua kigodoro, akakilaza kisu pale, akamlaza mjukuu wake juu yake.

"Lala, Mfaume wangu," alimwambia kwa sauti ya chini, jina ambalo lilikuwa bado halijatamkwa mbele za watu. "Umenirudia."

Mtoto alilala usiku kucha bila kulia. Tulifurahi. Wajinga sisi.

Asubuhi nilikitoa kisu nikatoka nacho uani kukijaribu. Nikakiweka kwenye shina la mgomba, kitu ambacho hata kisu butu hukipita. Nikavuta.

Hakikuingia. Hata mkwaruzo haukubaki.

Ndani mtoto alilia. Si kilio cha njaa. Nilipofika, Yasmini alikuwa amemnyanyua, anamtazama shingoni. Kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu, kama uzi umelazwa juu ya ngozi.

"Joto hilo," nikasema. "Au kucha zake mwenyewe."

Nilirudi uani. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapotamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimeshajua. Moyo ulikuwa umeshaniambia. Lakini nikasimama mbele ya ule mgomba, nikaweka kisu mahali pale pale...

Nikavuta tena.

Ili nihakikishe. Baba mzima, kwa mwanawe mwenyewe, ili nihakikishe!

Mtoto alipiga ukelele uliomtoa mama yangu jikoni. Mstari ulikuwa umezunguka hadi chini ya sikio. Mama alimkata mtoto kucha huku akimlaumu Yasmini kwa uzembe, na Yasmini alilia, nami nikasimama mlangoni, kisu nimekificha nyuma ya mgongo.

Nilimpigia simu Wilbroad nikiwa nyuma ya choo, nanong'ona.

"Kaka, hiki kisu ulichonitumia..."

"Samahani sana, kaka Sadiki," alinikatiza. "Najua nimekuchelewesha. Gari liliharibika Kaliua. Mzigo wako ninao hapa."

"Unao wapi?"

"Hapa dukani. Nauangalia. Sijautuma bado."

Nilikaa chini. Nikamweleza mpini mweusi, nikamweleza mzee wa koti lililotobolewa na cheche.

"Kaka, usinitanie na mambo hayo."

"Sitanii. Mwanangu anachanika shingo!"

"Huyo ni mzee Ngollo," alisema polepole. "Ndiye aliyenifundisha kufua. Ukoo wao ulikuwa wa wahunzi tangu enzi za misafara, majembe yao yalibebwa hadi pwani. Hakujaliwa mtoto, kaka. Kisu chake cha mwisho alikifua akiwa mgonjwa, akasema ni cha atakayebeba jina lake. Tukangoja. Hakuna aliyejitokeza, hakuna ndugu aliyetaka. Tukamzika nacho. Mimi mwenyewe nilikiweka mkononi mwake."

"Anataka nini kwangu?"

"Mimi Mkatoliki, mambo hayo namwachia Mungu. Ila huku kwetu mtoto akilia asinyamaze, wazee huuliza... ni nani anayetaka jina?"

Nilikata simu.

Nilikifunga kisu kwa gunia lake, nikakisukumiza chini ya mawe ya jikoni. Nikaenda kwa muuza nyama wa Gongoni, nikaazima kisu chake, kinachokata mfupa. Nikajiambia kuwa tatizo ni kile kisu, na nisipokitumia yameisha. Mtoto ataitwa Mfaume. Mama atafurahi. Watu watakula pilau waende zao.

Siku ya akika ua ulijaa. Mbuzi wawili, weupe. Mwalimu Uwesu, anayesomesha watoto Kurani chuoni kwetu, alikuwa amekaa mbele na wazee. Mama alikuwa mkekani na wanawake wenzake, amevaa kanga mpya, macho yake kwangu. Yasmini na mtoto walikuwa ndani, dirisha limefunikwa pazia.

Mbuzi wa kwanza akalazwa kuelekea kibla. Nikamshika.

"Bismillahi, Allahu akbar. Hii ni akika ya Mfaume bin Sadiki."

Nikavuta kisu cha muuza nyama.

Hata unyoya haukukatika.

Mbuzi aligeuza jicho akanitazama. Nikavuta mara ya pili, kwa nguvu, na kutoka dirishani ikaja sauti ya mtoto... kisha ya Yasmini, ya chini, ya mtu anayeogopa hata kupiga kelele.

"Sadiki. Damu."

Nyuma yangu mtu alikohoa. Mwingine akasema, "Yale yale ya Iddi," na kuna waliocheka. Masikio yangu yaliwaka. Na katikati ya harufu ya vitunguu na karafuu kutoka jikoni, ikanijia ile nyingine.

Mkaa.

Aliketi nyuma ya wazee wote, karibu na lango, ameegemeza mikono magotini kama mtu mwenye subira. Hakuna aliyemtazama. Aliniangalia mimi tu. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba, na nafikiri hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Sadiki!" Yasmini aliita tena. "Haikauki!"

Nilimtazama mama. Midomo yake ilikuwa ikinisaidia kimya kimya, inatamka Mfaume, Mfaume, akidhani nimesahau.

Nikafumba macho.

"Bismillahi, Allahu akbar," nikasema. "Hii ni akika ya Ngollo bin Sadiki."

Kisu kiliingia kama kwenye papai bivu. Mbuzi hakurusha hata mguu. Wa pili vilevile. Hata baba hakuwahi kuchinja hivyo. Ndani mtoto alinyamaza, na nilipofungua macho, karibu na lango palikuwa patupu.

Hakuna aliyesifu. Mwalimu Uwesu aliniinamia akaninong'oneza, "Sadiki, hilo jina la nani?" Nikajibu, "La mtu, mwalimu." Akaomba dua fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Mama aliinuka mkekani, akaingia chumbani kwake. Pilau lililiwa kwa sauti za chini.

Shingo ya mtoto haikubaki na alama yoyote. Ushahidi wote ulikuwa doa moja kwenye kanga ya Yasmini, naye aliifua. Tulikubaliana kunyamaza. Mtaani wanasema nimelikataa jina la baba yangu kwa sababu ya mganga, kwa sababu ya utajiri, kwa sababu nina mtoto wa nje huko Usinge. Mama hamwiti mtoto kwa jina lolote. Anasema "huyo". Ningeweza kumweleza, ndiyo. Lakini nikimweleza, itanibidi nimwambie pia ni mkono wa nani uliokilaza kisu chini ya kigodoro. Heri anichukie mimi.

Juzi, mama akiwa ndiyo kwanza amemaliza kuswali magharibi pale sebuleni, tulisikia hodi. Mlangoni alisimama bibi mmoja mwembamba, rozari shingoni, kiroba mkononi, miguu imejaa vumbi.

"Mimi Bernadeta," alisema. "Nimetoka Usinge. Samahanini kwa usumbufu. Naomba nimwone mume wangu."

Mama alidhani amepotea nyumba. "Mumeo nani, dada yangu?"

"Ngollo."

Yasmini alikuwa amempakata mtoto. Sijui niseme nini... mtoto wa mwezi mmoja na ushee hageukii sauti ya mtu namna ile. Aligeuza kichwa. Akanyoosha mikono yote miwili. Yule bibi alimpokea, akamnusa utosini, akacheka, na machozi yakamtoka.

"Bado ananuka mkaa," alisema.

"Nani alikuelekeza hapa?" nikamuuliza.

"Nilipanda basi tu, mwanangu. Nikashuka, nikatembea." Akamrudisha mtoto kwa upole. "Na kisu chake kipo?"

"Kipo."

"Mtunzieni. Atakiulizia."

Hakutaka chai wala kulala kwetu. Alituaga mmoja mmoja, akamshika mama mkono kwa muda mrefu, akaenda zake gizani.

Tulikaa. Mama alikuwa bado juu ya mswala, mikono mapajani.

"Sadiki."

"Naam, mama."

"Mwenzangu ametoka Usinge yote ile, na wake amempata." Alivuta pumzi. "Wangu mimi umempeleka wapi?"

Nilibaki nimeinamisha uso mbele ya mama yangu, nikimsikia Yasmini ndani akibembeleza, "Nyamaza, Ngollo, nyamaza," na mtoto akanyamaza pale pale.