Mwenye Shira ni Nani?

Hapakuwa na upepo, lakini ndoo za kukingia utomvu zilizotundikwa kwenye miti ya mepo ziligongana. Delphine hakugeuka. Alishazoea.

Kila majira ya kuchipua, familia ya Thibodeau huchemsha utomvu wa miti hiyo mpaka uwe shira tamu. Chupa ya kwanza huwekwa mbele ya kiti kitupu cha Onésime, babu ya mumewe Delphine, aliyekufa kabla Delphine hajaolewa. Kufikia jioni, chupa huwa imepungua. Hakuna anayeuliza.

Sasa tanuri la kuchemshia lilikuwa limetoboka. Wasipopata mwekezaji, wangeuza msitu. Delphine na mumewe, Lucien, waliandika muhtasari wa mpango wao wa biashara, kurasa sita, wakautuma kwa mwekezaji mmoja. Leo jibu lilikuwa limefika.

"Anasemaje?" Lucien aliuliza.

"Anataka kuonana na mwenye biashara. Onésime."

Lucien alicheka. Kiti kitupu kikatoa mlio, kama kimekaliwa.

Wakamwita jirani yao Odile, ambaye kiwanda chake cha jemu kilijengwa kwa fedha za wawekezaji. Aliusoma muhtasari akiwa amesimama mbali na kiti kile.

"Shoga, marehemu yumo kila ukurasa, mnunuzi hayumo hata kwa dawa!"

"Msitu ni wake," Lucien alinong'ona. "Sisi tunamtunzia tu."

"Basi akawashe tanuri yeye! Sikilizeni. Mwekezaji ana mipango mingi mezani. Mpeni ukurasa mmoja. Mnauza nini? Nani ananunua? Nani ataendesha kazi, aliye hai? Mnataka kiasi gani, cha nini, naye atapata nini?"

"Kutaja kiasi ni aibu. Kwetu hatuombi hivyo," Lucien alisema.

"Aibu ni kumwacha akisie."

Delphine akaandika upya: "Tunapika shira kwa moto wa kuni. Hoteli saba hununua kwetu. Nyingine tano zinaitaka, ila tanuri letu bovu halitoshi. Tunaomba dola elfu thelathini za tanuri jipya. Utapata robo ya faida kila mwaka."

Alipofika kwenye jina la mwenye biashara, mkono ukawa mzito, kama umeshikwa. Chumba kikapoa.

"Utamkasirisha," Lucien alisema.

"Akikasirika, aniambie mwenyewe."

Akaandika: Delphine Thibodeau.

Mwekezaji alikuja wiki iliyofuata, ukurasa ule mkononi. "Huu nimeuelewa," alisema. Akatia saini mkataba.

Mwaka uliofuata hoteli zote tano zilikuwa zinangoja. Alfajiri ya kwanza ya msimu, Delphine alifungua mlango wa tanuri jipya. Kuni zilikuwa zimekwisha kupangwa, kavu, vizuri kabisa.

Lucien alikuwa bado amelala.

Delphine akawasha moto.