Uzi Mwekundu kwenye Shokapu

Jua lilikuwa linazama nilipofunika cherehani, nikampakia binti yangu, nikaenda kwa fundi pikipiki kubadilisha springi za mbele.

Ilikuwa kazi ya kawaida tu. Pikipiki ilikuwa ya zamani, niliachiwa na marehemu kaka yangu, na ilikuwa inazama mbele. Ukigusa breki inainamisha kichwa kama mbuzi anayetaka kupiga pembe. Siku mbili kabla nilikuwa nimemkwepa mtu wa baiskeli, nikashika breki kwa nguvu, na binti yangu wa miaka sita akanigonga mgongoni hadi akatoka damu mdomoni. Sina mtoto mwingine. Ndiyo maana nilikwenda.

Alikuwa anakaa nyuma. Nilishamwambia akae mbele, juu ya tangi, katikati ya mikono yangu, ambapo ningemshika. Alikataa.

"Mbele kumejaa, baba."

Nikamwambia aache ukaidi.

Fundi wetu ni mwanamke, watu humwita Mama Nati. Hukaza kila kitu isipokuwa ulimi wake.

"Karibu, fundi nguo. Umekuja kunipima gauni?"

"Nimekuja unipimie springi."

"Springi haipimwi kwa futi kamba. Inapimwa kwa makalio. Nipe uzi, kisha ukae."

Nilikuwa na uzi mwekundu mfukoni. Akauzungusha mara tatu kwenye chuma kinachong'aa cha shokapu, ule mguu wa mbele wenye springi ndani, akaufunga ukabana. Mtu akikaa, shokapu inazama na kuusukuma uzi juu. Akishuka, uzi unabaki pale pale, na fundi anajua pikipiki imezama kiasi gani.

"Kwa mwili wako huo wa mshumaa, vidole viwili," akasema.

Nikakaa. Nikashuka.

Vidole vitano.

"Una nini mfukoni, pasi ya mkaa?"

Akaurudisha uzi chini. Akaishika pikipiki kwa nyuma ili isimame wima, akaniambia nisogee kando. Hakukuwa na mtu juu yake.

Krrr...

Shokapu ikashuka. Taratibu, kama mtu anayepanda kwa uangalifu asije akakemewa. Uzi ukapanda. Kidole kimoja... viwili... vitatu.

Mama Nati hakutania tena.

"Kaka yako alinunua springi kwangu mara tatu," alinong'ona. "Kila mara alitaka ngumu zaidi. Lakini hakukubali nimfungie. Alifunga mwenyewe, chumbani, mlango ukiwa na komeo."

Aliipandisha pikipiki juu ya stendi, akawasha taa, akafungua shokapu ya kulia. Likatoka bomba fupi la chuma linalokandamiza springi, kisha springi yenyewe, kisha oili nyeusi yenye uvundo wa samaki aliyeoza.

"Oili kuukuu ndivyo ilivyo," akasema. Akaisimamisha springi ile kando ya mpya ya aina ileile. Zililingana. Akaikandamiza kwa kiganja, ikamrudisha. "Hii haijachoka hata kidogo. Kilichoongezeka ni mzigo."

Akafungua ya kushoto.

Hakukuwa na uvundo.

"Sabuni," alisema binti yangu kutoka kwenye benchi. "Baba, kunanukia sabuni."

Mama Nati aliingiza vidole. Mahali pa bomba pakatoka mfupa.

Ulikuwa umekatwa kwa msumeno pande zote mbili, ukasuguliwa, ukalainika. Oili ilikuwa imeugeuza rangi ukawa wa manjano kama kitana cha zamani. Mikono yangu ina mazoea yake. Kabla sijafikiri, nilishaufungulia futi kamba. Inchi sita. Nikalipima bomba la kulia. Inchi sita na nusu.

"Nani anakata vipande visivyolingana?" alinong'ona Mama Nati.

Mimi nilijua.

Kaka alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo alipokuwa na miaka minne alivunjika paja la kushoto, likaunga vibaya, na tangu siku hiyo kila suruali niliyomshonea niliipunguza nusu inchi mguu wa kushoto. Alipofika miaka sita, mama yake alimtuma sabuni dukani, jioni kama ile. Hakurudi. Sote tulimtafuta, mitaroni, visimani, hospitalini. Kaka alilia kuliko sisi wote. Ni miaka minane sasa.

Katikati ya mfupa ule palikuwa na kinundu, mahali ulipounga.

"Nimewahi kusikia," alisema Mama Nati, hata midomo yake haikusogea. "Pikipiki iliyolishwa mtu haianguki..."

Kaka hakuanguka hata siku moja. Mvua, matope, malori, usiku, yeye na abiria wake walifika. Alifia kitandani, usingizini.

Niliufunga mfupa kwenye kitambaa. "Mama yake atamzika," nikasema, na nilimaanisha. Mama Nati alikata bomba jipya, akamimina oili, akafunga springi ngumu, akaishusha pikipiki na kuiegemeza kwenye stendi ya pembeni. Binti yangu akapita mbele yake, akainama kuchukua mkoba wake sakafuni.

Hakuna aliyeigusa.

Ilianguka.

Usukani ulipiga sakafu kiganja kimoja kutoka kichwani pake. Utepe wa nywele zake ulinaswa chini ya mkono wa breki. Hakulia. Aliutazama tu ule utepe.

Tuliiinua, tukaiegemeza ukutani, upande mwingine kabisa. Nikambeba mtoto hadi mlangoni. Nilipogeuka, gurudumu la mbele lilikuwa linatuelekea.

Ikaanguka tena.

"Iache hapa," alisema Mama Nati. "Kesho naikata vipande vipande. Wewe nenda kamwambie mama wa watu."

Lilikuwa neno jema, na ningeweza kulifuata. Lakini nilifikiria barabara ya shule. Nilifikiria malori yake, na mchanga kwenye kona, na pikipiki isiyoanguka.

"Rudisha," nikasema.

"Unasema nini?"

"Rudisha mfupa."

"Shemeji yako kila siku humwekea mwanawe sahani!"

"Yeye wake ameshakufa, Mama Nati. Wangu yuko hai."

Alichukua spana. Kisha akafungua shokapu ya kushoto. Alipomaliza alinawa mikono mara tatu, na tangu jioni ile hajanitania tena.

Pikipiki ikasimama wima kama askari. Ule uzi sikuukata.

Wiki iliyofuata shemeji alikuja dukani kwangu na kitambaa cha kaki. Huja kila mwaka. Kila mwaka namshonea mtoto suruali, na mama yake huikunja na kuiweka kabatini juu ya zile nyingine, ili akirudi asikose nguo.

"Mwaka huu mwongezee inchi mbili, shemeji. Mguu wa kushoto unaujua."

"Naujua."

"Kiuno je? Wa umri huu hukua ghafla. Mimi nakisia tu, siwezi kujua."

Asubuhi ile nilikuwa nimeuangalia uzi. Springi zilikuwa mpya, ngumu, na bado, bila mtu juu, uzi ulikuwa umepanda nusu kidole zaidi ya jioni ile.

"Nitaongeza inchi moja kiunoni," nikamwambia.

"Unadhani amenenepa?"

"Nadhani."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa miaka minane. "Basi anakula vizuri huko aliko," akasema, na akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Giza lilikuwa linaingia. Aliomba nimfikishe kwake. Hakuwahi kuipanda pikipiki ile tangu mtoto apotee. Kaka alikuwa hamruhusu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Niliwasha. Akakaa nyuma yangu, na hapo hapo nikaona mbele kunainuka, kwa upole, kama mtu ameshuka.

Tulikwenda hatua mia hivi.

"Shemeji," akasema. "Huku nyuma kumebana."

"Ni kiti. Kimebonyea."

Nilihisi akijisogeza, akipisha nafasi katikati yetu. Kisha akaninong'oneza karibu na sikio.

"Kunanukia sabuni."

"Ni oili," nikamwambia. "Nimebadilisha oili."

"Ah," akasema.

Mbele kidogo nikamsikia akiimba kwa chini, wimbo wa kubembeleza mtoto. Sidhani kama alijua kwamba anaimba. Mgongoni kwangu, kati yangu na yeye, palikuwa na joto.

Tulipofika kwenye kona yake nilishika breki, kwa nguvu, makusudi, nipime kama mbele bado kuna mtu.

Mbele hakukuzama hata kidogo.